Mume Mmoja, Barua Mbili

Sehemu ya saba

Wiki nzima mmeniuliza swali moja tu: ipi ni ya kweli? Msomaji mmoja ameniapia kwamba leo nisipojibu anahamia kurasa za mpira. Tulia, ndugu yangu, vuta kiti.

Tulimwacha Marcelline katikati ya saluni yake pale Greyville, Durban, kichwa cha mteja mbele yake, barua mbili kwenye mfuko wa aproni. Zote zimefika asubuhi ile ile ya Jumamosi. Zote zina jina la mume wake, Sajenti Désiré, aliyeko vitani mashariki mwa Kongo. Tatizo ni kwamba moja inasema anakuja leo, nyingine inasema haji.

Ya kwanza ililetwa na Gosbert, fundi simu Mtanzania aliyepanga nusu ya chumba hicho hicho, nyuma ya ukuta wa plywood. Barua zote hupitia kwake. Kule mstari wa mbele askari hawaruhusiwi simu, basi Désiré huandika kwenye karatasi za daftari, karatasi zinafika kambini Lubumbashi, na pale getini dereva Hardy anazichukua na kuzileta Durban kwenye lori la shaba. Njiani hukaa siku nne kwenye foleni ya mpakani, lakini barua hufika.

Ya pili ilisukumwa chini ya mlango, bila bahasha.

"Soma tena," Marcelline alisema.

Msomaji wa barua alikuwa Irene, mwanafunzi wa chuo kutoka Moshi anayeishi Glenwood. Nusu ya kichwa chake ilikuwa imesukwa, nusu nywele zimesimama wima. Mikono ya Marcelline ilikuwa kazini, macho ya Irene yalikuwa bure.

"Ya Gosbert au ya mlangoni, dada?"

"Ile nzuri kwanza."

Irene akasafisha koo. "'Mke wangu mpenzi, yule jogoo wa jenerali ametoroka tena. Safari hii tumemkuta amelala ndani ya kofia yangu ya chuma, na amekataa kutoka mpaka apigiwe saluti. Nimempigia. Siku hiyo hiyo nimepandishwa cheo, sijui ni kwa sababu ya vita au ya jogoo. Mimi ni mzima. Likizo sijapata, subirini mpaka mwaka mpya. Nimefurahi Kabange amekuwa wa kwanza darasani. Mpe chokoleti hii, yake peke yake, ajue baba yake anajivunia.'"

Irene alicheka mpaka kitana kikaanguka. "Dada, una mume mwenye vituko!"

"Sasa ile mbaya."

"'Marcelline. Jumamosi saa nne, yadi ya malori ya Pinetown. Niko na Hardy. Usilete batoto kwanza. Iko vitu mbili, ya Mbuyu na ya Kabange, sawasawa. Désiré.' Basi, imeisha. Na huu mwandiko, mh! Mtoto wa chekechea anaandika vizuri kuliko huyu."

"Saa ngapi?"

"Saa tatu na dakika tano. Dada, usiende! Mwandiko wa kwanza si ndio wa mume wako?"

"Ni wake. Hata ile mkia ya herufi ni yake."

"Na huu wa pili si wake hata kidogo. Hao ni matapeli. Si unaijua Durban? Watakuita Pinetown wakupore simu, kama ile ya mwezi wa pili."

Maneno yalikuwa na akili, na Marcelline alitaka sana kuyaamini. Niwaambie kwa nini. Désiré wa zamani alikuwa mtu mwema, lakini kalamu yake ilikuwa kavu. "Niko muzima. Tuma sabuni." Hiyo ndiyo ilikuwa barua ya mapenzi. Kisha barua zikakatika miezi miwili mizima, Marcelline akakonda. Zilipoanza tena, eti alikuja Désiré mpya, mwenye jogoo, mwenye utani, anayeuliza habari za kila mteja wa saluni. Miezi mitano Marcelline alikuwa amempenda mume wake upya, kwa karatasi.

"Na chokoleti hii hapa," Irene alisema, akaitoa kwenye bahasha. "Imeyeyuka kidogo."

Mikono ya Marcelline ikasimama kichwani.

"Iko ngapi?"

"Moja."

"Angalia muzuri ndani ya bahasha."

"Moja tu, dada. Kwani kuna ubaya gani? Mtoto kafaulu, baba kampongeza."

Marcelline alikaa chini, kwenye kiti cha wateja wanaosubiri. Uso ulikuwa umembadilika.

"Irene, batoto yangu ni mapasa."

"Najua, ni mapacha."

"Hapana, hujui. Kwetu Baluba, mapasa hawapewi kitu moja. Ukinunulia mmoja kiatu, unanunulia wote. Ukiita jina ya mmoja, unaita na ya mwenzake. Ukipa Kabange bonbon, ukimuruka Mbuyu, Mbuyu anaweza kuugua, na weye mzazi ni weye umemuloga. Désiré na kaka yake, mama moja baba moja, hawasemeshane miaka sita. Unajua juu ya nini? Juu ya biskuti! Kaka alipatia Mbuyu biskuti, akasahau Kabange."

"Biskuti?"

"Moja. Na ilikuwa imevunjika." Akainua ile barua nzuri. "Baba ya mapasa hawezi andika 'yake peke yake'. Hata akilewa. Hata bunduki ikiwa ku kichwa."

Irene aliitazama tena ile barua mbaya, taratibu. "'Vitu mbili,'" alisoma kwa sauti ndogo. "'Sawasawa.'"

Nyuma ya plywood, bisibisi iliyokuwa ikikwaruza tangu asubuhi ilinyamaza.

Mnakumbuka sehemu ya pili? Hamkumbuki, nawajua. Basi nawakumbusha: tangu siku ya kwanza Gosbert humwita Marcelline "Mama Mbuyu", kama sisi Watanzania tunavyomwita mama kwa jina la kifungua mimba wake. Mara kumi Marcelline alimkanya aseme Mama ya Mbuyu na Kabange, asimruke mtoto. Mara kumi Gosbert alisema sawa, na kesho yake akarudia. Alidhani ni utani wa Wakongo. Mwishowe mwenye watoto akachoka.

"Gosbert!"

"Naam, Mama Mbuyu!"

"Bakkie yako iko na mafuta?"

"Inategemea tunakwenda wapi."

"Pinetown. Weye na miye, sasa hivi."

"Eish. Pinetown kuna nini?"

"Iko bwana yangu."

Kitu kikaanguka na kupasuka kule nyuma. Ilikuwa simu ya mteja, Mungu amsaidie mwenyewe.

"Na kichwa changu?" Irene alilia.

"Funga kitambaa, ukae. Batoto wakitoka kwaya, uwape chai. Chokoleti uifiche!"

Bakkie ya Gosbert, pikapu kuukuu, huwaka ikipenda. Siku hiyo ilipenda. Walipita uwanja wa farasi, wakashika barabara ya kupanda bara, mpaka robot ya tatu ilipowazuia kwa taa nyekundu.

"Ile jogoo," Marcelline alianza, akitazama mbele, "iko rangi gani?"

"Jogoo gani?"

"Ya jenerali."

"Mwekundu, mkia mweu..." Gosbert alijiuma ulimi. "Nahisi tu. Majenerali wengi hupenda wekundu."

"Barua haikusema rangi hata siku moja."

Gosbert aliushika usukani kwa mikono miwili kama anayeogopa kuibiwa.

"Robot imefunguka," Marcelline alimwambia. "Endesha."

Akaendesha, na akiendesha akatubu. Mwanaume huyu hodari wa kufungua simu bila kuacha alama alikuwa hodari vilevile wa kuiga mwandiko wa mtu.

"Mama Mbuyu..."

"Na Kabange!"

"Na Kabange! Sikiliza. Miezi miwili hakukuwa na barua. Wale watoto wakitoka shule walikuwa wanapitia dirishani kwangu kila siku, 'Tonton Gosbert, Hardy amefika?' Siku moja Kabange hakuuliza. Alisimama tu, akaangalia, akaondoka. Nikaona heri aulize. Basi nikaandika."

"Moja?"

"Nilitaka iwe moja."

"Uliandika ngapi, Gosbert?"

"Saba. Na hii ya leo ndani yake."

Mkoba wa Marcelline ulimtua begani, paa! Bakkie ikayumba, teksi ya nyuma ikapiga honi na dereva wake akatoa neno la Kizulu ambalo mhariri wangu hataliruhusu.

"Nilikuwa ninalala na ile barua chini ya mto! Nilikuwa ninacheka peke yangu kama mwenda wazimu! Nilisema, merci Seigneur, asante Mungu, vita imenirudishia mume muzuri kuliko yule iliyochukua!"

Kama Gosbert alikuwa na jingine moyoni hakulisema, nami leo sitamsingizia. Marcelline naye alikuwa na la kusema, akalimeza. Alimeza kwamba yule mume wa karatasi alikuwa amempenda kweli, na sasa hajui atamweka wapi. Nakwambia wewe peke yako, msomaji. Usilitangaze.

Kisha akakumbuka kitu.

"Na majibu yangu? Nilijibu barua yote. Ilienda wapi?"

Hapo Gosbert alifanya kosa la kijinga. Alitupa jicho kwenye kisanduku cha mbele ya abiria.

Marcelline akakifungua. Bahasha zake zote zilikuwa mle, zimefungwa pamoja kwa waya wa chaja.

"Umesoma?"

"Ningewezaje kuandika bila kusoma?"

"Namba yangu mpya iko humu! Tangu bananyang'anya ile simu, bwana yangu hana namba!"

"Nisingeweza kuzituma! Zimejaa jogoo! Désiré angejiuliza mke wake kaingiwa na nini."

"Basi ku vita kule, miezi yote hii, bwana yangu alipata nini?"

Gosbert alifungua mdomo. Bahati yake, walikuwa wamefika getini.

Yadi ilijaa malori, na saa ilikuwa nne na dakika saba. Hardy alikuwa kando ya lori lake, mfupi, mnene, amevaa koti la njano la kung'aa. Aliwaona, akapunga mkono, kisha kwa haraka ya ajabu akainama kukagua tairi.

Pembeni yake alisimama mwanaume mwembamba, mkono wa kulia umefungwa bendeji mpaka kiwikoni.

Marcelline alitembea, akakimbia, akasimama hatua moja tu mbele yake. Miaka minne hawajaonana. Alinyoosha kidole, akaigusa ile bendeji.

"Barua uliandika na mkono gani?"

"Ya kushoto. Ya kulia iliacha kuandika siku nyingi. Vidole tatu nimeacha kule." Désiré alijaribu kutabasamu. "Ningekupigia simu, lakini namba yako wanajibu Kizulu. Hardy alisema mpya hana."

Marcelline alimtazama Hardy kwa mshangao. Namba ile alimpa mwenyewe, mkononi mwake, mwezi wa nne. Lakini hakupata nafasi ya kuuliza.

"Marcelline, kabla hujanikamata, iko kitu. Weye unanijua, sijue kudanganya."

Alipiga goti kwa shida, akafungua begi kwa mkono mmoja. Akatoa mikoba miwili ya ngozi, sawasawa kwa rangi, sawasawa kwa ukubwa. Akaiweka chini. Halafu akatoa kitenge, yadi sita, chenye kasuku wa kijani.

"Kizuri," Marcelline alisema.

"Si chako."

Marcelline akaurudisha mkono wake. "Ya nani?"

"Ya yule mama." Désiré aliangalia chini. "Nililala hospitalini miezi mitano kule mashariki. Barua zako zikawa zinakuja. Marcelline, ilikuwa ya kuchekesha! Yule mteja aliyekimbia mende na nusu ya kichwa, akaingia ku teksi ya watu wa mazishi! Infirmier, muuguzi wetu, alikuwa anasoma kwa sauti, wodi yote inacheka, wale wa nyuzi ku tumbo wanaomba aache. Lakini mwisho, iko sahihi: 'Mama Mbuyu'. Nikasema, hapana. Bibi yangu atakata kidole chake kuliko kumuruka Kabange. Huyu ni mama mwingine, na ni Mtanzania, juu ni wao wanaita hivyo. Nisikufiche. Usiku mingi nilimufikiria."

Marcelline aligeuka polepole kumtafuta Gosbert. Gosbert alikuwa anarudi kinyumenyume kuelekea bakkie, na tayari alishaufikia mlango.

Kumbe! Fundi alikuwa ameandika kwa mke kama mume, na kwa mume kama mke, na nyumba nzima ikampenda.

Marcelline hakujua alie au apige kelele. Wivu ulimshika, kisha aibu, maana alichokifanya mume wake kwa miezi mitano ndicho alichokifanya yeye. Akakiokota kile kitenge. Akamfuata Gosbert, akamkamata ukosi, akamrudisha. Akakikunjua na kumvisha mabegani, kasuku wote wakamkalia kifuani.

"Shukuru vizuri, Désiré. Mama yako ni huyu."

Sajenti alitazama viatu. Akapandisha macho kwenye kitenge. Akaishia kwenye kidevu.

"Iko na ndevu," alisema.

"Shikamoo, kaka," Gosbert alinong'ona.

Kicheko kilimtoka Désiré kidogokidogo, halafu kwa mafuriko, mpaka akaushikilia mkono wake mbovu na kuegemea lori. Wapakiaji wa yadi walicheka bila kujua kwa nini. Hardy peke yake hakucheka.

Marcelline naye hakucheka. Alisubiri kinyamaze, akauliza lile lililokuwa limebaki.

"Kwa hiyo ulikuja Durban juu ya yule mama?"

Désiré alijifuta machozi. Akaingiza mkono wa kushoto kwenye mfuko wa shati, upande wa moyo, akatoa karatasi iliyokunjwa mpaka imechakaa.

"Nilikuja juu ya hii."

Marcelline aliitambua. Mwezi wa nne, siku ambayo Gosbert alikuwa amefunga duka kwa kuugua mafua, alimkuta Hardy barabarani, akamwomba karatasi, akaandika pale pale juu ya boneti.

Désiré aliisoma bila kuitazama. "'Désiré. Jogoo amenichekesha vya kutosha. Sasa rudi, hata kama umebaki nusu. Mama ya Mbuyu na Kabange.'" Akaikunja. "Jogoo sikuelewa. Mpaka leo sielewi. Lakini niliona majina mawili, nikamwambia docteur, huyu ndiye bibi yangu, niandikie ruhusa. Nimekuja nusu, Marcelline."

"Nusu inatosha," alisema Marcelline, na machozi yakamwagika. Akamkumbatia upande wa kushoto, kwa nguvu, kama anayeogopa lori litamrudisha. Mume wa karatasi alimfia pale pale yadini, wala hakumfanyia matanga.

Ningependa kuishia hapa, niwaache na furaha. Ni Désiré aliyeharibu.

"Zile tisa zilinichekesha," alisema juu ya kichwa cha mke wake. "Hii moja ilinirudisha."

Ndani ya kasuku wake, Gosbert alianza kuhesabu kwa vidole. Alihesabu, akarudia, akakunja uso.

"Kaka, umesema ngapi?"

"Tisa. Iko zote ndani ya begi. 'Mama Mbuyu', tisa."

"Kwako mimi niliandika sita."

Wakatazamana. Désiré akavuta begi kwa mguu, akatoa bahasha za mwisho tatu. Marcelline alizichukua, akazinusa. Zilinukia yale mafuta ya nazi ya saluni yake, ambayo Hardy hujinunulia kila safari, na pembeni ya karatasi kulikuwa na alama za dole gumba, nyeusi, za grisi. Alisoma mstari wa kwanza wa ile ya juu, macho yakamtoka. Akaikunja haraka kabla mume wake hajaona.

Kule kwenye lori, mtu alikuwa anagonga tairi zima kwa nyundo, ko, ko, ko, bila kugeuza uso.

"Hardy," Marcelline aliita, kwa sauti tamu kupita kiasi. "Zile siku nne za foleni mpakani, unakuwaga unafanya nini?"